DISPENSARI KONGWE YA MIZINGANI
Tangu Nyumba ya Dawa hata Nyumba ya Sanaa

Mwanachama anayeshuka melini Malindi, akashika njia ya Mizingani kuelekea Forodhani, hana haja ya kwenda mbali kabla hajaiona mkono wa kushoto nyumba ndefu inayotazama bahari, yenye roshani za mbao zilizochongwa kama kazi ya ushanga na vioo vya rangi. Wazee wa mjini huiita Dispensari ya Ithnaasheri. Wengi wetu tumepita mbele yake mara nyingi, na mizigo mabegani na mawazo yetu yakiwa katika bei ya karafuu, tusisimame hata dakika moja kuuliza nani aliyeijenga na kwa nini.

Pengine msomaji atasema: gazeti la wenye mikarafuu lina khabari gani na nyumba ya mjini? Jawabu letu ni kwamba nyumba zile za ufukweni hazikujengwa kwa mawe na chokaa peke yake. Zilijengwa kwa fedha zilizopita katika bandari ya Unguja, na katika fedha hizo karafuu ilikuwa na fungu lake kubwa. Mchumaji aliyepanda mkarafuu, na mtumwa aliyelimishwa shamba bila ya ujira, nao wamo katika kuta hizo, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa mlangoni. Kwa hivyo khabari ya nyumba hii ni khabari yetu pia, na twapenda kuieleza tangu mwanzo wake.

ALIYEIJENGA

Aliyeijenga ni Tharia Topan, Mhindi wa madhehebu ya Ismailia, aliyezaliwa Kachi, India, mwaka wa 1823. Alifika Unguja angali kijana mdogo, katika zama za Seyyid Said, wakati mikarafuu ilikuwa ndiyo kwanza inaenea visiwani. Alianza kazi katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokuwa imekodi forodha ya Unguja kwa Seyyid. Desturi ya siku zile ilikuwa hivi: Seyyid hakukusanya ushuru kwa mkono wake, tajiri mmoja alimlipa fedha maalumu kila mwaka, naye huyo tajiri akatoza ushuru wa kila kinachoingia na kutoka, ikabaki faida yake.

Kijana yule akajifunza kazi, akawa mfanya biashara mwenyewe, na kabla ya kufikia uzee alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani hii. Misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe ilikopa mali kwake; hata Hamed bin Muhammed, yule aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mdeni wake. Mzungu Stanley naye alimtaja katika maandishi yake. Mwaka wa 1876, katika utawala wa Seyyid Barghash, forodha ikaingia mikononi mwake yeye Tharia, na yule aliyeanza kwa kutumwa ndani ya forodha akawa ndiye bwana wake.

Zama hizo khabari ya karafuu ilikuwa imekwisha badilika. Tufani ya mwezi wa Aprili mwaka wa 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, ambayo haikupigwa sana, ndiyo iliyochukua nafasi ya mbele na kuishika hata leo. Magunia ya Pemba yalivuka bahari kwa majahazi kuja kushushwa mbele ya forodha ya Unguja, na ushuru wake ukalipwa hapo. Tukisema basi kwamba mkulima wa Pemba alichangia utajiri wa ufukwe wa mji, hatusemi kwa kujisifu. Twasema lililo kweli.

JIWE LA MWAKA WA 1887

Mwaka wa 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 katika ufalme wake, na sherehe zilifanywa katika nchi nyingi. Tharia akaona aufanye mwaka huo kuwa wa kutoa sadaka: akaanza kujenga spitali ya kutibu maskini wa Unguja bila ya malipo. Jiwe la msingi likawekwa mwaka huo huo. Mchoraji na mafundi walitoka India, na ndiyo maana mtu akitazama nakshi za roshani huona mkono wa Gujarati, lakini akitazama unene wa kuta, mawe ya matumbawe na chokaa, huona mkono wa pwani yetu. Maua ya chokaa yaliyofinyangwa kutani yamefuata namna ya Ulaya. Mambo hayo matatu yamekaa pamoja bila ya kugombana, na huenda hakuna nyumba nyengine mjini inayouonyesha mchanganyiko wa Unguja kwa uwazi kama hii.

Kazi ya namna hiyo haikwishi kwa mwaka mmoja. Tharia akapewa heshima ya kuitwa Sir mwaka wa 1890, na mwaka wa 1891 akafariki dunia huko India, na nyumba yake ya sadaka ikiwa bado haijakwisha. Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Majengo mangapi tumeyaona yameanzwa na mtu mwenye nia njema, kisha akafa, na warithi wakaona matofali yale ni mali ya kugawana? Mjane wake, Bibi Janbai, hakufanya hivyo. Yeye ndiye aliyesimamia kazi mpaka ikatimia mwaka wa 1894. Mara nyingi jina la mume ndilo linalotajwa. Twaona haki itajwe na la mke, kwa sababu aliyeanza alisifiwa siku ya kuweka jiwe, lakini aliyemaliza ndiye aliyebeba miaka iliyokuwa mizito.

Haikupita miaka mingi nyumba ikapata mtihani. Tarehe 27 Agosti mwaka wa 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Seyyid, hatua chache tu kutoka hapo. Jumba la mfalme likavunjika. Nyumba ya maskini ikasalia.

DISPENSARI YA WATU

Hata hivyo spitali kamili aliyoikusudia Sir Tharia haikupata kuwa. Mwaka wa 1900 nyumba iliuzwa, ikaingia katika mali ya Haji Nasser Nurmohamed, tajiri mwengine wa Kihindi, wa jamaa ya Ithnaasheri, na humo ndimo lilimotoka jina lake la mitaani. Chini ikafanywa dispensari ya sadaka, daktari akakaa juu, na vyumba vyengine vikawa vya kupangisha.

Mtu aweza kusema kwamba nia ya mwanzo ilipungua. Sisi twaona vyengine. Nia ya spitali kubwa ilipungua, lakini nia ya kumtazama mtu asiye na fedha ilibaki nusu karne na zaidi, mlango ule ule, chini ya roshani zile zile. Mgonjwa hakuulizwa ametoka mtaa gani. Nyumba nyingi zilizojengwa kwa fahari zimekuwa za mwenyewe na watoto wake tu. Hii, tangu siku ya kwanza, ilijengwa kwa ajili ya watu wasiojulikana na mwenye kuijenga.

MIAKA YA KUVUJA

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa wengi wa Kihindi waliihama Unguja, na majumba mengi ya Mji Mkongwe yakawa mikononi mwa Serikali. Dispensari nayo ikaachwa bila ya mtu wa kuitunza. Katika miaka ya 1970 na 1980 ikachakaa sana.

Nyumba ya mawe na chokaa haifi kwa siku moja. Huanza kwa mfereji mmoja wa juu kuziba. Maji ya masika yakikosa njia huingia ndani ya ukuta, na ukuta wa chokaa ukinywa maji mwaka baada ya mwaka hulegea. Boriti zilizoingizwa ukutani huoza kichwani, pale pasipoonekana, kisha sakafu ikashuka, na sakafu ikishuka huuvuta ukuta. Mti mdogo uliootea katika ufa hupeleka mizizi ndani na kulipasua jiwe. Mpita njia huona rangi imefifia tu. Ndani nyumba imekwisha kufa nusu.

Na haikuwa nyumba hii peke yake. Palipofanywa hesabu mwaka wa 1992, katika Mji Mkongwe zilionekana nyumba zaidi ya 1,700, na kadiri ya robo tatu katika hizo zilikuwa zinaharibika. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe ilikuwa imekwisha undwa tangu mwaka wa 1985, lakini kazi ilikuwa kubwa kuliko mfuko.

KAZI YA MAFUNDI

Mwaka wa 1990 nyumba ilikodishwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na katika miaka iliyofuata ikatengenezwa. Ilikuwa katika nyumba kubwa za mwanzo za Mji Mkongwe kuokolewa namna hiyo, na wengi walikuwa wakisema haifai ila kubomolewa.

Jambo la kupendeza katika kazi hiyo ni kwamba haikuwa ya kupaka rangi. Kuta zilizopasuka zilishikizwa, mbao zilizooza zikatolewa na kutiwa nyengine, roshani zikatengenezwa kipande kwa kipande. Na kwa kuwa ufundi wa zamani ulikuwa umeanza kupotea, kazi yenyewe ikawa chuo: vijana wetu wakajifunza hapo useremala wa nakshi na uashi wa chokaa. Nyumba ikipona, fundi naye huzaliwa. Na fundi aweza kwenda kuponya nyumba nyengine.

Inafaa tueleze kidogo khabari ya chokaa, kwa sababu wanachama wengi wana nyumba za wazee wao shamba na mjini, na tumeona mara nyingi wakizikarabati kwa simenti wakidhani wanaziongezea nguvu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Maji yakiingia, hutoka kwa jua na upepo. Ukiupiga lipu ya simenti umeufunga pumzi: maji hubaki ndani pamoja na chumvi, na baada ya miaka michache lipu hubanduka na vipande vya ukuta wenyewe. Chokaa ni laini kuliko simenti, lakini ulaini wake ndio usalama wa ukuta, kwani nyumba ikijinyoosha kidogo chokaa hufuata wala haikatiki. Wazee walijua hayo. Waliichoma chokaa, wakailoweka, wakaiacha ikae kabla ya kuitumia, kama sisi tunavyojua kwamba karafuu iliyotiwa guniani kabla ya kukauka sawasawa itashika ukungu tu, hata ikiwa imechumwa vizuri namna gani.

NYUMBA YA SANAA

Nyumba ilipokwisha kutengenezwa ikapewa kazi mpya, ikaitwa Kituo cha Utamaduni cha Mji Mkongwe. Mahali pa chupa za dawa pakawekwa kazi za mikono za watu wa visiwa hivi, na maonyesho ya picha za zamani na ya ujenzi wa mji. Mtu aliyeingia kwa ajili ya kutazama roshani akatoka amejifunza jambo.

Kazi hiyo haikubaki hapo peke yake. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kumtoa Mreno mwaka wa 1698, na ambayo imepata kuwa gereza pia, ndani yake pakajengwa mahali pa kuchezea ngoma na michezo, na tamasha za filamu na muziki zikawa zikikutania humo. Na jirani ya dispensari, katika ile njia ya Mizingani, ipo nyumba inayoitwa Forodha Kongwe, ambamo Seyyid Hamoud alitangazwa kuwa mfalme mwaka ule wa 1896. Mwaka wa 2002 chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilianzishwa humo, vijana wakafundishwa kanuni, udi, fidla na ngoma. Tazama namna mambo yanavyopinduka! Sir Tharia alipata mali yake kwa forodha, akaitoa kwa dispensari. Leo majina hayo mawili, Forodha na Dispensari, tukiyataja twakumbuka sanaa, wala hatukumbuki ushuru wala homa.

Mwaka wa 2000 Mji Mkongwe ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Heshima hiyo ni kubwa, lakini heshima haizibi paa. Tarehe 25 Desemba mwaka wa 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka wa 1883, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili waliokuwa kazini wakapoteza maisha yao. Mwenyezi Mungu awarehemu. Msiba ule umetufundisha kwamba khabari ya majumba haya si khabari ya uzuri tu. Nyumba iliyocheleweshwa kutengenezwa haimngojei mtu, na inapoanguka haimwangukii mwenye kuchelewa, humwangukia aliyekuja kuitengeneza.

YATUHUSU NINI SISI?

Twaona mambo matatu.

La kwanza ni la utunzaji. Mwanachama aliyerithi nyumba ya chokaa asingoje mpaka apate fedha za kuitengeneza yote. Apande juu kabla ya masika, azibue mifereji, ang'oe miche iliyoota kutani, aweke paa lisivuje. Paa kwanza, rangi baadaye. Kazi hiyo yahitaji siku moja na ngazi, na yaokoa nyumba kwa mwaka mzima. Mwenye shamba hahitaji kufundishwa zaidi: anajua kwamba mkarafuu haufi kwa uzee tu, hufa kwa wachumaji wanaovunja matawi na kwa mwenyewe asiyekwenda kutazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La pili ni la matumizi. Nyumba isiyo na mtu huoza upesi kuliko nyumba yenye watu. Dispensari ya Mizingani imepona kwa sababu ilipata kazi, si kwa sababu ilipata sifa. Shamba nako yako majumba ya zamani, na maghala yaliyokuwa ya karafuu, ambayo sasa yamekuwa ya popo. Si lazima kila moja liwe la fahari. Chumba kimoja kilichosafishwa, chenye mkeka na taa, chatosha watoto kusomea na wazee kukutania, na vijana kufanyia mazoezi ya ngoma.

La tatu ndilo tunalolitaka zaidi lifikiriwe. Nyumba ya sanaa ikiwa mjini, mbele ya bandari, ni rahisi igeuke kuwa duka la kuwauzia wageni vitu vya kubebea mkononi. Hatusemi kuuza ni vibaya. Sisi sote twaishi kwa kuuza. Lakini nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya mtu asiyekuwa na cha kulipa, na kipimo hicho ndicho kinachofaa kuipimia hata katika kazi yake mpya, yeye na nyumba zote za namna yake: mtoto wa Konde, wa Makunduchi, wa Mkoani, akifika mlangoni hana kitu mfukoni, je, ataingia? Na akiingia, atakuta humo jambo la kwao?

Kwani sanaa ya visiwa hivi haikuzaliwa yote mjini. Msewe na kibati ni vya Pemba. Ukili husukwa vijijini. Nyimbo za uchumaji, zile zinazoimbwa mtu akiwa juu ya mti na mwenzake akajibu kutoka mti wa pili, hazikutungwa na mtu aliyekaa rohani. Kama vitu hivyo havikupelekwa katika nyumba za sanaa, kosa si la nyumba peke yake. Nasi tuna fungu letu la kazi, kwa sababu anayezijua nyimbo ni sisi.

Kwa hivyo tunatoa ombi moja, na ni jepesi. Msimu ujao wa uchumaji, kila mwanachama aliye na mzee nyumbani anayezijua nyimbo za shambani, amkalishe jioni moja wakati karafuu zinachambuliwa, aandike maneno yake, au ampe kijana mwenye simu ayanase kwa sauti. Aandike na jina la mzee, na shamba alilochumia. Karatasi hizo zikikusanywa kijiji kwa kijiji, siku itafika tutakapokwenda nazo Mizingani tuseme: haya ndiyo yaliyokosekana katika nyumba yenu.

Bibi Janbai hakuanza kazi ya nyumba ile, aliikuta. Nasi hatukuanza kupanda mikarafuu hii, tuliikuta imepandwa na wengine, wengi wao bila ya hiari yao. Aliyekuta hana sifa ya mwanzo, lakini kumaliza kumo mikononi mwake.